Mtoto Mbele ya Kaburi la Vimulimuli

Wanaopinga watoto kuonyeshwa filamu za katuni zenye maudhui mazito huanza kwa kuhesabu damu na maiti. Kwa hesabu hiyo, Hotaru no Haka (Kaburi la Vimulimuli), filamu ya Isao Takahata iliyotolewa Japani mwaka 1988 kutokana na hadithi ya Akiyuki Nosaka ya mwaka 1967, ingefungiwa mlango mapema: mama aliyeunguzwa na mabomu ya Kobe anaonyeshwa akiwa amezongwa bendeji zilizolowa damu. Lakini giza la filamu hii haliko hapo.

Liko kwa daktari. Seita, mvulana wa miaka 14, anampeleka kwake Setsuko, dada yake wa miaka 4. Daktari anatamka kwamba mtoto amedhoofu kwa kukosa lishe, basi. Hatoi dawa wala chakula. Hakuna ukatili katika sauti yake. Baadaye Setsuko ananyonya gololi akidhani ni peremende. Hapo mtazamaji mdogo anajifunza jambo ambalo hadithi nyingi humficha: watu wazima waweza kuwapo, wasisaidie.

Je, alione? Watetezi hukimbilia ngano, wakisema kuwa zimwi nalo hula watu na watoto wamelisikia tangu zamani. Hoja hiyo ina kasoro. Bibi anayesimulia huona uso wa mjukuu wake. Akiona machozi hufupisha, hutia wimbo, hulichelewesha zimwi njiani. Filamu haimtazami mtazamaji wake.

Hata hivyo, Takahata ametia kinga katika muundo wenyewe. Filamu inaanza na kifo cha Seita stesheni, Septemba 1945, na roho yake ndiyo inayosimulia. Mtoto haachwi katika taharuki ya kutojua nani atapona. Anabaki na huzuni badala ya hofu, na mwenye huzuni huuliza maswali. Pengine ndiyo sababu wazazi wengine huizuia: nani atamjibu kuhusu yule daktari?

Kwa mtoto wa umri wa Setsuko kinga hiyo haitoshi, kwani hajaweza kuunganisha mwanzo na mwisho. Wa miaka 10 aruhusiwe, mtu mzima akiwa ameketi kando yake, si chumba cha pili. Aprili 1988 filamu hii ilionyeshwa kwa kiingilio kimoja na Tonari no Totoro ya Hayao Miyazaki (ambayo nayo, ikumbukwe, ina mama aliyelazwa hospitalini). Mtoto aliyetangulia kumwona Totoro alitoka ukumbini na gololi za Setsuko mawazoni.