Kaburini kwa Mfasiri

Wengi wanaokwenda Butiama wanakwenda kwa Baba wa Taifa. Sawa kabisa. Mimi naomba siku moja twende kwa mfasiri.

Ukiwa Musoma safari yenyewe ni nyepesi: unapanda gari stendi ya Bweri, unashuka Butiama, kilichobaki ni miguu yako. Nimeshinda huko siku nzima, kuanzia makumbusho hadi kwenye mawe makubwa ya Mwitongo na kaburi alimolazwa Mwalimu Nyerere Oktoba 1999. Begini nilibeba kitabu kimoja tu, Juliasi Kaizari.

Wamisri wa kale wasingenishangaa. Kule Luxor, katika Bonde la Wafalme, kuta za makaburi zimejaa maandishi ya kumwongoza marehemu huko aendako. Mwalimu naye ameacha maandishi, ila haya yanatuongoza sisi tuliobaki. Na hiki kitabu kinahusu jambo lilelile tunalolifanya pale Mwitongo: kusema mbele ya maiti ya mkubwa.

Tafsiri ilitoka mwaka 1963. Hebu fikiria: rais mpya wa jamhuri changa anawapa wananchi wake tamthilia ya Shakespeare ambamo kiongozi anauawa na marafiki zake, nao wanadai ni kwa faida ya nchi. Mwaka 1969 akairudia na kuirekebisha. Hakuwa anapitisha muda.

Moyo wa kitabu uko tendo la tatu, onyesho la pili. Brutus anaeleza sababu za mauaji, umati unakubali. Kisha Antony anapanda. Anasema hakuja kusifu, huku anasifu. Anaonyesha vazi lililotobolewa na visu, anatajataja wosia bila kuusoma mpaka watu wamlazimishe. Umati uleule unageuka na kwenda kuchoma nyumba. Onyesho linalofuata wanamuua Cinna mshairi, kisa tu jina lake limefanana na la mmoja wa waliokula njama. Sisi tunaopenda mashairi tusiliruke hilo.

Sisemi tafsiri haina kasoro. Mwalimu aliacha vina akafuata ushairi huru wa Shakespeare, na kwa kuwa maneno yetu ni marefu, kuna mahali mstari unalemewa na mwigizaji anaishiwa pumzi. Lakini kwa Antony uzito huo unafaa. Ukisoma kwa sauti unasikia mkutano wa hadhara, yule msemaji asiye na haraka anayejua umati uko mkononi mwake.

Ndiyo maana naona tunamsoma Mwalimu nusu. Tangu azikwe, kila mtu ana kauli yake ya Mwalimu mfukoni: anayeomba kura anayo, anayempinga huyo anayo pia. Wote wanaishika kama Antony alivyoushika ule wosia, na sisi tunapiga makofi kabla hatujaomba kuusoma. Aliyetufundisha kutilia shaka sifa za kaburini ndiye tunayemsifu bila kuuliza.

Basi ukijaliwa kwenda Butiama, soma kwanza hilo tendo la tatu. Halafu ukimsikia mtu anamsifu marehemu kwa machozi, sikiliza mpaka mwisho, kisha ujiulize: huyu anataka tukafanye nini tukitoka hapa?