Karama Kizimbani: Thamani ya Mtu katika Kusadikika

Mwalimu wa Kiswahili afundishaye Biryogo, jijini Kigali, hana budi kukutana na swali hili: thamani ya mtu hutoka wapi? Mtaa huu ulikuwa makao ya Waislamu na wasemaji wa Kiswahili tangu zama za Wabelgiji, na kwa miaka mingi jina “Mswahili” nchini Rwanda lilitumika pia kumtukana mtu kuwa ni mjanja asiyeaminika. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya nchi. Lugha imepata hadhi. Je, hadhi ndiyo thamani ya mtu?

Tuyapime maneno yetu. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika tafsiri yake ya Kiswahili, linatumia neno hadhi. Lakini kwa mazoea yetu hadhi ni cheo: hupanda na kushuka. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 12 iliyoingizwa mwaka 1984, inataja heshima na utu. Heshima hutolewa na wengine, na atoaye aweza kunyima. Utu nao, ingawa ni neno letu la asili, twaupima kwa mwenendo: huyu ana utu, yule hana. Hapo pana hatari. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliitwa inyenzi, yaani mende, kabla ya kuuawa. Aliyekwisha kutolewa katika ngeli ya watu hana tena hadhi ya kushushwa wala heshima ya kunyimwa.

Neno tunalolitafuta limo katika kitabu tunachokifundisha. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, Shaaban Robert amemsimamisha kizimbani mtu aitwaye Karama, akishtakiwa na waziri Majivuno kwa sababu ya kueneza elimu ya sheria. Kwetu karama ni kipawa atoacho Mungu. Kwa Kiarabu, ambako neno limetoka, ndiyo thamani ya mwanadamu yenyewe. Na Kurani, katika sura ya 17, aya ya 70, inatumia kitenzi cha shina hilo hilo kusema kwamba Mungu amewatukuza wanadamu. Haisemi waumini tu, wala wenye vyeo. Hatudai kwamba mwandishi alikusudia maana zote hizo. Twasema kwamba kisa chake kinazibeba. Karama hana cheo cha kumkinga. Anachodai ni kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa, na katika utetezi wake anawataja wajumbe sita waliotumwa na nchi yao, kisha wakafungwa walipoleta maarifa. Waliadhibiwa kana kwamba walikuwa vyombo vilivyokwisha kazi.

Mwanafalsafa Kant aliandika mwaka 1785 kwamba kitu chenye bei chaweza kubadilishwa kwa kingine, bali mtu ana thamani ipitayo kila bei. Mwanafunzi wa Rwanda hatasumbuka kulielewa jambo hilo. Kinyarwanda husema igiciro kwa bei ya kitu na agaciro kwa thamani; shina ni moja, kiambishi ndicho kinachotenga soko na mtu.

Hata hivyo kitabu kina dosari isiyopasa kufichwa. Karama anaokolewa kwa hukumu itokayo kwa mfalme. Je, mfalme angekataa? Thamani iliyodaiwa kama haki inapokewa mwishoni kama hisani, na msomaji anaweza kufunga kitabu akimshukuru mtawala badala ya kuitazama sheria. Swali hilo lafaa kuulizwa darasani, na lisijibiwe upesi.

Kwa maoni yetu, maneno haya mawili yafundishwe pamoja, kila moja kwa kazi yake. Utu ni wajibu wangu kwako. Karama ni dai lako kwangu, nawe unalo hata ukikosa. Wako wakazi wa Biryogo waliowaficha majirani zao mwaka 1994. Kumficha mtu anayewindwa hakungojei kuupima mwenendo wake. Waliofanya hivyo walionyesha utu, na waliofichwa hawakuhitaji sifa nyingine ila kuwa watu.