Matone Manane

Juzi nilipeleka mkojo maabara. Kijana aliyeupokea alichovya kijiti, akakitupia jicho, akakitosa kwenye ndoo ya taka, akaandika. Hakuninyanyulia uso. Kichupa cha vijiti kilibaki wazi mezani, ilhali vijiti hivyo huharibiwa na unyevunyevu wa hewa. Nikiwa naisubiri karatasi ya majibu, nikamkumbuka mzee.

Alikuwa mpimaji wa hospitali ya wilaya nilikokulia. Mama yangu akifanya usafi hapo, nami jioni nikimngojea maabara. Mezani palikuwa na taa ya spiriti na chupa ya dawa ya Benedict, buluu iliyokolea. Mzee alimimina mililita 5 kwenye bomba dogo la kioo, akadondosha matone manane ya mkojo, akiyahesabu kwa midomo isiyotoa sauti. Kisha akalibana bomba kwa koleo la mbao, akaliinamisha juu ya moto, mdomo wake ukielekea ukutani, kwa kuwa maji yakichemka ghafla huruka. Alilitikisa taratibu kama anayebembeleza kichanga. Buluu ikibaki buluu, alishusha pumzi. Ikigeuka kijani, alikunja uso. Ikipita kwenye manjano na rangi ya chungwa hadi kuwa nyekundu ya tofali, aliliweka bomba chini akanyamaza kitambo, utadhani mgonjwa amesimama mbele yake.

Siku moja ilikomea kijani. Hakuandika kitu. Alitoka hadi kwenye benchi la wagonjwa, nami nyuma yake.

“Shikamoo, baba,” alisema mwenye mkojo, msichana aliyejifunga khanga.

“Marahaba, mwanangu. Unanyonyesha?”

“Ndiyo, baba. Ana miezi miwili.”

Akarudi ndani akitabasamu. Sukari ya maziwa ya mama nayo huigeuza dawa ile, wala si kisukari. Ndipo akachovya kalamu katika wino, akaandika sentensi nzima.

Kabla ya dawa za aina hiyo waganga waliuonja mkojo kwa ulimi. Thomas Willis wa Uingereza, katika karne ya 17, aliandika juu ya utamu wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 Stanley Benedict wa Marekani akaja na dawa yake ya mrututu. Mwaka 1956 kikaja kijiti cha Helen na Alfred Free, mtu na mkewe, nchini humohumo. Kijiti hakidanganywi na maziwa. Kinaitambua glukosi, basi.

Kwa hiyo siwezi kukilaumu. Kwa kazi hii kinampita mzee, na hilo ndilo linaloniuma. Udhaifu wa mrututu ndio uliomwinua kitini akamwendee mtu benchini. Tumepata kipimo kisichohitaji swali, nasi tukaona hata mwenye mkojo hahitaji kuulizwa hali. Kijiti chenyewe huomba nusu dakika tu kisomwe vyema; siku hizi hata hiyo ni nyingi.

Majibu yangu yalikuwa mazuri. Nilipoipokea karatasi nilinyoosha mkono, nikakifunika kile kichupa. Kijana alikuwa ameshaita namba inayofuata.