Baiskeli na Mlima: Juu ya Masimulizi ya Safari za Upareni

Upo utanzu mmoja wa maandishi ambao watu wa Ulaya wameuzoea mno. Msafiri hupanda baiskeli, akapita vilima vya mizabibu, akalala katika vijiji vyenye kanisa la kale na kuta za mawe, na jioni akaketi mbele ya bilauri ya mvinyo. Ufaransa na Italia zimejaa masimulizi hayo. Kila kilima kina tuzo yake, kila kijiji kina tarehe yake iliyochongwa juu ya mlango, na msomaji hufunga kitabu moyo umemtulia. Si utanzu mbaya. Suala letu ni jengine: ukihamia kwetu, ukapanda milima ya Upare kutoka Lembeni, utabeba nini na utaangusha nini njiani?

Tumeichagua Lembeni kwa sababu. Iko chini ya milima ya Upare Kaskazini, katika wilaya ya Mwanga, kando ya barabara kuu iendayo Same. Reli iliyoanza Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911 inapita hapo. Huku chini ni nchi kavu ya miiba na mikonge, kwani milima huzichuma mvua zitokazo baharini kabla hazijavuka. Juu kuna migomba, kahawa na misitu ya ukungu. Kilele cha Kindoroko kina mita 2,113, na kule Upare Kusini, Shengena ina mita 2,462. Mizabibu hakuna. Zabibu za Tanzania ni za Dodoma, uwandani. Kinywaji cha mlimani ni dengelua, pombe ya miwa. Wala hakuna tarehe zilizochongwa milangoni. Basi mwandishi anayekuja na kiolezo cha Ulaya atakuta nguzo zake mbili, mvinyo na mawe, hazipo. Hapo ndipo kazi yake ya kweli inapoanza.

Utanzu huu unamtambua Thomas Stevens kuwa miongoni mwa baba zake. Aliondoka San Francisco mwaka 1884 juu ya baiskeli ya gurudumu kubwa la mbele, akaizunguka dunia hadi Yokohama mwaka 1886, na safari yake ikatoka kitabuni katika majuzuu mawili. Wachache wetu wanakumbuka kwamba mtu huyu alifika Zanzibar mwaka 1889, akitumwa na gazeti la New York kumtafuta Stanley, na akaingia bara mpaka nchi ya Kilimanjaro. Mara hii alikwenda na msafara wa wapagazi, na kitabu chake cha safari hiyo kilitoka mwaka 1890. Tunapata funzo kwa kuviweka vitabu hivyo pamoja. Mpanda baiskeli hujisimulia kuwa ni mtu peke yake, miguu yake na njia yake. Mtu wa msafara hawezi kujisimulia hivyo, maana nyuma yake wamo watu waliobeba mizigo yake. Baiskeli, basi, inaweza kumficha mpagazi asionekane katika sentensi, hata pale ambapo jasho lake ndilo lililoichimba njia.

Na sisi wenyewe tuna urithi wetu. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa masimulizi ya watu wa pwani waliokwenda bara, na mmoja wao, Selim bin Abakari, hata akafika Urusi na Siberia. Wasafiri hao waliandika walichokula, walicholipa na nani aliwapokea. Hawakuwa na haja ya kuupamba mlima. Uzuri wa nathari yao umo katika hesabu: siku, maji, bei, jina la mwenyeji. Kwa maoni yetu, anayetaka kuandika safari ya baiskeli kwa Kiswahili leo angejifunza zaidi kwao kuliko kwa wapenzi wa mizabibu.

Tuyapime masimulizi haya kwa mizani tatu.

Ya kwanza ni pumzi. Wapenzi wa ushairi wanajua kwamba mshororo wa shairi letu, wenye mizani kumi na sita na kituo katikati, ni wa mtu aliyetulia. Una nafasi ya ukwapi na utao. Utenzi, wenye mizani nane, hukata mapema, ukavuta tena. Njia ya uwandani kati ya Same na Lembeni inaweza kusemwa kwa shairi. Njia ipandayo Kilomeni haisemeki hivyo. Anayekokota baiskeli huko hana pumzi ya mizani kumi na sita. Mwandishi anayepanda na kushuka kwa sentensi za urefu mmoja hajaupanda mlima, ameutazama tu. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka; nasi tungeongeza kwamba maneno yake pia yashuke naye, kwa kasi na hofu ya breki.

Ya pili ni majina. Upareni maji ya kijito au chemchemi hukusanywa usiku katika bwawa liitwalo ndiva, na asubuhi hufunguliwa yakafuata mfereji uitwao mfongo mpaka mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Kazi hii imedumu vizazi na vizazi. Msafiri anayeandika kwamba aliona “vijito vizuri” ameona maji, hakuona sheria. Kuandika ndiva ni kukiri kwamba kuna watu wanaoamka mapema, wanaogombana juu ya zamu na wanaosuluhishwa. Kiswahili chetu kimepokea maneno ya Kiarabu, Kihindi na Kireno bila kuona haya. Hakina udhuru wa kuona haya mbele ya Chasu. Na jambo hili lina haraka yake. Kigweno, lugha ya kaskazini kabisa mwa milima hii, kinazidi kupungukiwa na wasemaji, ambao wanahamia Chasu na Kiswahili. Kijiji kinaweza kubaki mahali pake, na maneno yake yakaondoka.

Ya tatu, na nzito kuliko zote, ni deni. Tunawaandikia wasomaji wa visiwani na mwambao, kwa hiyo tuseme wazi. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilipita chini ya milima hii, kando ya mto Pangani, ikitafuta pembe na watu. Karibu na Mbaga, Upare Kusini, yako mapango ya Mghimbi ambako watu walijificha wasitekwe. Mtalii huonyeshwa mapango hayo na kuyaandika kuwa ni kivutio. Lakini mtu wa pwani anayeyafikia kwa baiskeli hafiki akiwa mgeni asiye na historia. Anafika kwa njia ambayo wengine wa kwao waliipita kabla yake, wakikusudia mambo mengine. Simulizi lisilolijua hilo lina kasoro ya sanaa, mbali na kasoro ya adabu, maana limemtoa mhusika mmoja katika kisa, na mhusika huyo ni msimulizi mwenyewe.

Historia ya huko haimngojei mgeni aigundue. Isaria Kimambo, mwanahistoria wa Kipare, alikusanya masimulizi ya wazee na mwaka 1969 akatoa historia ya siasa ya Wapare tangu karne ya 16: Washana, wafua chuma waliotawala Ugweno, na Wasuya waliowapindua. Aliandika pia juu ya mbiru, kodi iliyowafanya maelfu ya wanaume kuteremka Same mwaka 1945 na kupiga kambi mbele ya ofisi ya wilaya, na mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao wakatoka. Husemwa aliye juu mngoje chini. Wakoloni walingoja chini, na waliokuwa juu wakaja kweli, lakini hawakuja kulipa. Njia ambazo leo zinasifiwa kwa mandhari ndizo zilizoteremshwa na miguu hiyo.

Atakuja mtu atuambie kwamba msafiri ana haki ya kufurahi tu, na kwamba tunamtwisha keria mzigo usio wake. Haki hiyo hatumnyimi. Afurahie upepo wa kuteremka, na dengelua akikaribishwa. Tunachodai ni kwamba furaha isiyo na mwenyeji ni nyepesi mno kubeba ukurasa. Anayepeleka ndizi sokoni huko naye ni mpanda baiskeli. Hupanda akiikokota na hushuka akiizuia, na anaijua kila kona kwa gharama yake. Mpaka sasa amekuwa kivuli pembeni mwa picha ya mwengine. Fasihi ya safari kwa Kiswahili itakuwa imekomaa siku ambayo yeye ndiye atakayeshika kalamu, au angalau ataulizwa jina la mlima kabla haujaitwa mzuri.