Mtungi wa Umeme

Kila tunapofika gatini, kabla hata kamba haijakaza, mzee hufungua kisanduku kilicholala katikati ya mashua, chini kabisa, juu ya mkuku, akaingiza mkono. Hatazami, hugusa. Kwa mgongo wa kidole hupitia viungo vyote kimoja kimoja: pale waya mnene mwekundu unapoingia kwenye betri, pale mweusi unapotokea, kisha fyuzi, kisha swichi kuu. Akimaliza husema tu, "Viko sawa." Maana yake hakuna kiungo kilichopata joto kuliko wenzake. Kiungo kikiwa na moto, ama nati imelegea ama chumvi imeanza kuila shaba kwa ndani, na umeme uliopaswa kuzungusha panga unapotelea hapo bila mtu kuuona. Siku moja kidole chake kilisimama kwenye fyuzi na hakikuondoka. Tulipofungua tukakuta shaba imeota kutu ya kijani hadi ndani ya ganda la waya. Tulikata kipande cha urefu wa kidole, tukafika kwenye shaba inayong'aa, tukabana kichwa kipya kwa koleo, tukapaka grisi. Kazi ya robo saa, mchana, tumefunga gatini. Kuikwepa kwa wiki moja kungeifanya kazi ya usiku katikati ya maji.

Mzee huyu ni mtu wa Lamu. Ujanani alisafiri na jahazi la tanga lililobeba boriti kwenda Mombasa, akaja akaendesha mashine za petroli kama wenzake wote, na umeme ameujulia uzeeni, nilipoleta mota ndogo ya wati 1,000 tukaifunga kwenye tezi ya mashua yetu ya mita sita. Majina ya vifaa nilimtajia mimi. Kazi yenyewe nimejifunza kwake, na ndiyo ninayotaka kuisifu hapa: kazi ya kutunza chaji.

Watu wakiiona mashua gatini huuliza mota ina nguvu gani. Swali hilo ni la mtu aliyezoea petroli. Mota ya umeme haina mengi ya kusimuliwa: haina plagi wala kabureta, ukiiwasha inazunguka, ukiizima inanyamaza. Ufundi umekaa kwenye kile kisanduku. Betri yetu ni ya lithiamu, volti 25.6 na ampea-saa 100, yaani wati-saa 2,560 ikiwa imejaa. Namba hiyo haisemi kitu mpaka uipime kwa kitu unachokijua. Lita moja ya petroli ina wati-saa kama 9,000 ndani yake. Kwa hiyo betri yetu nzima, yenye uzito wa zaidi ya kilo ishirini, ni sawa na petroli ya kujaza chupa moja ya soda. Kweli, injini ndogo ya boti hupoteza sehemu kubwa ya petroli yake kwa joto na moshi, na mota haina ubadhirifu huo, kwa hiyo pengo halisi ni dogo kuliko linavyoonekana kwenye karatasi. Hata hivyo, mimi hupenda kuikumbuka ile chupa ya soda kila ninapofungua kamba. Ndiyo tuliyo nayo kwa siku nzima, na huko tuendako hakuna duka la kuijaza.

Jambo la kwanza alilolikamata mzee, bila kuambiwa na mtu, ni kwamba mwendo ni ghali. Mashua ikienda polepole hupita majini kama kisu. Ukiisukuma zaidi huanza kujijengea wimbi lake yenyewe, na nguvu yako yote inakwenda kulipandisha hilo wimbi. Mabaharia na wahandisi wana kanuni ya kukadiria: nguvu inayohitajika huongezeka kwa kipeo cha tatu cha mwendo, kwa hiyo ukitaka mwendo maradufu utalipa mara nane. Kwetu mambo yako hivi. Kwa wati 1,000 mashua inakwenda kilomita 9 kwa saa, na tukiacha akiba ya sehemu moja kwa tano ambayo hatuigusi, safari inaishia kwenye kilomita 18. Kwa wati 500 mwendo unashuka hadi kilomita 7 tu, ila safari inafika 29. Kwa wati 250 tunakwenda kama kilomita 5 na nusu, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, na tunaweza kupita kilomita 40. Ukikata nguvu nusu, unapoteza kilomita mbili katika kila saa na kupata kilomita kumi na moja za safari. Sijaona biashara nyingine yenye faida ya namna hiyo. Mzee hulishika gurudumu la mota kwa vidole viwili, kama mtu anayepunguza utambi wa taa, na akishapata mahali pale ambapo povu la tezi linalala, haligusi tena.

Jambo la pili alikuwa nalo tangu zamani, nalo ni maji. Kutoka mjini Lamu kwenda Matondoni, kule wanakojenga majahazi, ni kilomita nane hivi kwa mkondo wa ndani. Maji yakijaa, bahari huingia kwa mlango wa Shela na kupita mbele ya mji kuelekea huko. Yakipwa hurudi kwa njia hiyohiyo. Chukua mkondo wa kilomita mbili tu kwa saa, na mashua inayokwenda kilomita 7. Ukifuatana na maji utafika kwa dakika 53 na kutumia wati-saa 445. Ukipingana nayo itakuchukua saa moja na dakika 36, na utakuwa umemaliza 800. Betri ni ileile, mota ileile, njia ileile. Aliyekaa kwenye usukani ndiye aliyechagua. Wakati wa bamvua, mkondo ukiwa na ukali wake, tofauti inakuwa kubwa zaidi, na siku za maji mafu inapungua.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa furaha ya mzee, maana yeye ana furaha na mota hii ambayo sikuitarajia kwa mtu wa umri wake. Nahodha wa tanga hakuwa na uwezo wa kununua upepo. Aliungoja, akaupima, akaondoka na maji yaliyokuwa yanaelekea kwake. Petroli ilipokuja, vijana wakaacha kuhesabu siku za mwezi. Mkondo ukiwapinga waliongeza moto, na fedha ya mafuta ikalipa deni la kutojua. Betri ndogo haikopeshi. Inamtaka mtu aijue safari yake kabla ya kuondoka: ni mbali kiasi gani, maji yanapinduka saa ngapi, upepo wa kurudi utakuwa wapi. "Hii ni tanga jingine," aliniambia mwezi wa kwanza, na kwa muda nilidhani anasifu ukimya wake.

Wala umeme si mgeni majini. Mwaka 1838 Moritz von Jacobi aliendesha boti ya umeme kwenye mto Neva, St. Petersburg, kwa betri za wakati ule zisizojazwa tena. Gaston Planté alitengeneza betri ya risasi na tindikali inayochajika mwaka 1859, na mwaka 1881 Gustave Trouvé alipita kwenye mto Seine, Paris, na mota ya kufungwa tezini na kufunguliwa, mota na panga na usukani vikiwa kitu kimoja, babu wa hii yetu. Petroli ikaja ikafunika yote hayo. Lakini kwenye ziwa Königssee, kusini mwa Ujerumani, boti za abiria zimekuwa zikienda kwa umeme tangu 1909 hadi leo, na sioni ajabu kwamba ni ziwani: umbali wa kwenda na kurudi unajulikana, na kila usiku boti inarudi ilipotoka kuchajiwa. Boti ile inaijua safari yake.

Kosa langu kubwa lilikuwa la mtungi, yaani la betri. Mwanzoni nilichota umeme wa kila kitu kutoka betri ya mota: taa za njia, redio, kipimakina, chaji ya simu, vyote kupitia kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12. Kwenye meza nyumbani ilionekana nadhifu. Usiku mmoja tulichelewa, upepo ukawa wa omo, nikaongeza nguvu na kuongeza tena. Sasa, betri ya lithiamu ina tabia moja ambayo lazima mtu aijue. Betri ya risasi huishiwa kwa kuteremka: volti zinapungua kidogo kidogo, taa zinafifia, unaonywa. Lithiamu ya aina yetu hushikilia volti karibu zilezile kuanzia ikiwa imejaa hadi karibu na mwisho, halafu inaanguka kama mtu aliyefika ukingoni mwa gati gizani. Ndani yake mna kinga ya kielektroniki inayoikata betri isiharibike. Ilikata. Mota ikanyamaza, na pamoja nayo taa nyekundu, taa ya kijani, taa nyeupe ya tezi na redio. Tulikuwa kwenye mkondo unaopitwa na boti za kasi, na hakuna aliyeweza kutuona wala kutusikia. Tuliwasha tochi ya simu, tukapiga kasia hadi kwenye mikoko, tukafunga kamba kwenye mizizi, tukangoja. Mzee hakunilaumu. Asubuhi aliuliza, "Mwanangu, nyumbani kwenu maji ya kunywa mnachota kwenye pipa la kufulia?"

Tangu siku hiyo mitungi ni miwili na haichanganywi. Betri ya pili ni ndogo, ya risasi, volti 12, ampea-saa 40, na katika hizo tunajiruhusu 20 tu, kwa sababu betri ya risasi ikizoeshwa kushuka chini ya nusu hufa mapema, na ikiachwa tupu kwa wiki kadhaa hugandiwa ndani na chumvi ya salfa isiyotoka. Ishirini zinatosha. Taa za LED, kipimakina na redio inayosikiliza tu, vyote kwa pamoja vinakunywa ampea moja na nusu hivi. Usiku mzima wa saa kumi ni ampea-saa 15. Redio ndiyo ya kuangaliwa. Ikisikiliza inatosheka na kidogo mno, lakini ukibonyeza kitufe ukasema kwa nguvu yake kamili ya wati 25, inavuta ampea tano au sita. Kwa hiyo mzee husema maneno yake yote moyoni kwanza, ndipo anabonyeza: jina la mashua, mahali, haja. Kisha anaachia.

Hii ndogo tunaisoma kwa mita ya kawaida. Ikiwa imepumzika saa chache bila kazi, volti 12.7 maana yake imejaa, 12.2 ni nusu. Kuipima ikiwa inafanya kazi, au ikiwa imetoka tu kwenye chaji, ni kujidanganya. Ile kubwa haisomeki kwa volti, kwa hiyo tumeifungia kipimo kinachohesabu kila ampea inayoingia na inayotoka, na mzee anaandika asilimia kwenye daftari la shule la kurasa 48: tarehe, siku ya ngapi ya mwezi mwandamo, upepo, tulikokwenda, chaji ya kuondoka, chaji ya kurudi. Daftari hilo lina thamani kuliko mota. Ukilifungua utaona, kwa mfano, kwamba safari ya Matondoni hugharimu zaidi wiki zile sehemu ya chini ya mashua inapoota chaza na mwani, na kwamba siku iliyofuata kukwanguliwa gharama inashuka ghafla.

Juu ya kijumba cha omo kuna paneli ya sola ya wati 200. Jua la hapa, digrii mbili kusini mwa ikweta, hutupa wati-saa 800 hivi siku njema, zinazotosha kurudisha safari ya Matondoni. Lakini kivuli ni mwizi. Seli za paneli zimefungwa kwa mfuatano, na kivuli cha kamba moja tu ya mlingoti kikizilalia chache kinaweza kupunguza umeme wa paneli nzima. Nimemwona mzee akiwa ameketi kivulini na kahawa yake, jua likasogea, kivuli cha kamba kikaanza kuikaribia paneli, akainuka, akavuta kamba ya nanga mkono mmoja na nusu, mashua ikageuka kidogo, akarudi kwenye kahawa.

Juzi tulitoka Matondoni alasiri, maji yanapwa, kusi inavuma kwa omo. Upepo na mkondo vikipingana maji husimama mafupi na makali, na mashua inagonga. Nilinyoosha mkono kuongeza nguvu. Mzee akatikisa kichwa, akasogeza usukani hadi tukawa karibu kabisa na mikoko, mahali upepo unapokatika na mkondo bado unakwenda. Tulishuka hivyo, bila haraka, tukisikia kaa wakitembea kwenye mizizi. Taa za mji zilipoonekana alizima mota. Kulikuwa bado na mita mia tatu. Maji yalitubeba, akashika pondo, akaigusa mara mbili chini, mashua ikalala ubavuni mwa gati. Akafunga kamba, akafungua kisanduku, akapitisha kidole. Kisha akavaa miwani, akafungua daftari, akaandika 61.