Kirui alilitupa kundi mapema mno

Siku ile ya Marathoni ya Boston, Aprili 16, 2018, kundi la wakimbiaji ndilo lililokuwa koti la Geoffrey Kirui, naye akalivua mwenyewe.

Mliotazama mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mvua ya baridi, joto la nyuzi chache tu juu ya sifuri, upepo unawapiga wakimbiaji usoni tangu mwanzo kule Hopkinton. Njia ya Boston haizunguki: inatoka magharibi na kwenda mashariki karibu moja kwa moja, kwa hiyo upepo ukitoka baharini, unao mpaka mwisho kwenye Boylston Street, hakuna kona ya kukupa nafuu. Upepo ukigeuka, mambo ni kinyume. Mwaka 2011 ulimsukuma Geoffrey Mutai mgongoni akamaliza kwa 2:03:02, na hadi leo kuna wanaonibishia kwamba ile ilistahili kuwa rekodi ya dunia. Haikustahili. Tuendelee.

Nusu ya kwanza kundi la mbele lilikwenda kwa tahadhari, na hapo Kirui hakukosea kitu. Baadaye akachomoka. Hakuna aliyemfuata, na hilo peke yake lilitosha kumwonya. Bingwa mtetezi wa Boston, tena bingwa wa dunia, anaongeza kasi, na wanaume wote wenye akili zao wanamwangalia aende. Pengo likafika zaidi ya dakika moja. Watangazaji wakaanza kumvisha taji, nasi huku tukashangilia, kwa sababu tumezoea kuona Mkenya akichomoka na kutoonekana tena.

Tuufanyie hesabu uamuzi ule. Mtu akikimbia kilomita 19 kwa saa siku isiyo na upepo, hewa inamgonga kwa kasi hiyohiyo ya 19. Upepo wa kilomita 19 kwa saa ukimjia usoni, hewa inamgonga kwa 38. Kizuizi cha hewa hakiongezeki mara mbili hapo, kinaongezeka mara nne. Aliye nyuma ya mgongo wa mwenzake anapunguziwa sehemu kubwa ya mzigo huo. Aliye mbele peke yake anaubeba wote, na Boston ile haikuwa na waweka kasi wa kumkatia upepo. Kirui aliamua kuubeba mzigo huo kwa zaidi ya theluthi moja ya mbio, akiwa na milima ya Newton mbele yake.

Hilo la upepo bado ni nusu tu ya kosa. Nusu mbaya zaidi ni baridi. Misuli ndiyo tanuri ya mkimbiaji: kadiri anavyokwenda kasi ndivyo mwili unavyozalisha joto, na nguo zilizolowa pamoja na upepo zinalinyonya. Kasi ikishuka, joto linalozalishwa linapungua lakini linaloibwa linabaki palepale. Misuli inapoa, hatua inakuwa fupi, kasi inashuka tena. Ukishaingia katika mzunguko huo hutoki kwa ujasiri. Ndiyo maana siku ya namna hiyo nguvu ya akiba ina thamani kuliko dakika moja ya uongozi: anayetumia akiba mapema hapungui mwendo tu, anaganda. Na Kirui aliganda. Mjapani Yuki Kawauchi alimpita karibu na kilomita ya 40, na kutoka hapo hadi utepe Kirui akapoteza zaidi ya dakika mbili. Kawauchi 2:15:58, Kirui 2:18:23. Angechelewa kwa zaidi ya sekunde 12 nyingine, hata nafasi ya pili angeipoteza kwa Shadrack Biwott.

Kinachoniudhi ni kwamba Kirui mwenyewe alikuwa ameshalishuhudia somo hili akiwa upande wa pili. London, Agosti 2017, Tamirat Tola ndiye aliyechomoka. Kirui hakupaparika, akamvuta taratibu, akampita na kuwa bingwa wa dunia. Miezi minane baadaye akageuka kuwa Tola.

Najua nitakachoulizwa: mbona Kawauchi naye alichomoka, tena maili ya kwanza kabisa, akaikata kwa dakika 4 na sekunde 37? Kweli. Ila ile maili inateremka, mwili wake ulikuwa bado na joto, na alirudi kundini kabla hajalipa gharama yoyote kubwa. Halafu Kawauchi hakuwa mgeni wa baridi. Januari 1 mwaka huohuo, huyu mtumishi wa serikali ya mkoa wa Saitama alikwenda Marshfield, palepale Massachusetts, akakimbia marathoni nzima kwenye baridi kali chini ya sifuri na kumaliza kwa 2:18:59. Kwake Boston ile ilikuwa kama siku ya kazi.

Sisi Wakenya je? Kijana anajifua Iten, kwenye mita 2,400. Alfajiri kuna baridi, sawa, lakini ni baridi kavu, na saa tatu jua limeshawaka. Mvua ikinyesha, mazoezi yanasogezwa mpaka ikatike. Nimeandika mara nyingi na nitaandika tena: mazoezi ya mvua na upepo si adhabu. Kijana azoee kukimbia na glavu zilizolowa, ajue koti lipi linamfunga kifua, ajifunze kufungua chupa vidole vikiwa vimekufa ganzi. Azoee kula na kunywa hata asipojisikia, maana mwili unaotetemeka unaunguza wanga haraka.

Na wazee wetu walijua. Robert Cheruiyot, Boston 2007, njia ileile, dhoruba, mvua, upepo usoni. Hakuna aliyemwona akikimbilia sifa peke yake njiani. Alishinda kwa 2:14:13, James Kwambai akiwa sekunde 20 nyuma, na hakuna aliyemcheka kwa muda ule. Huyu ndiye aliyeteleza kwenye mstari wa mwisho Chicago 2006, akagonga kichwa na bado akashinda, kwa hiyo msiniambie alikosa moyo. Alikuwa na moyo na hesabu.

Na siku ileile ya 2018, upande wa wanawake, Desiree Linden alifanya yote sawasawa, hadi kumsubiri Mmarekani mwenzake Shalane Flanagan alipoingia chooni, na akashinda kwa 2:39:54.

Kwa hiyo kocha, ukimpeleka kijana wako Boston, angalia bendera asubuhi. Zikionyesha upepo unatoka mashariki, mwambie asitoke kundini kabla ya kuimaliza Heartbreak Hill, mlima wa mwisho wa Newton, hata kama miguu inamwambia anaweza.