Nani Aliandika Maswali ya Watoto?

Karatasi ile haikupaswa kutoka ofisini. Nalisema mapema ili msomaji asinisubiri hadi mwisho: ziara ya mwandishi wa vitabu vya watoto tuliyoishuhudia katika shule moja ya msingi hapa Kamina iliandaliwa vizuri karibu kila mahali, kisha ikaharibiwa na orodha ya maswali matano.

Mliokuwapo mnakumbuka. Mwandishi amemaliza kusoma, amefunga kitabu, watoto wa mwaka wa tano na wa sita wamejisogeza mbele wenyewe bila kuambiwa. Huo ndio wakati ambao maandalizi yote yaliulenga. Mwezeshaji akachukua mikro, akaita majina matano. Wakasimama mmoja mmoja, kila mtoto na kipande chake cha karatasi, wakasoma kwa Kifaransa: uliongozwa na nini kuandika, una ujumbe gani kwa vijana, fasihi ina nafasi gani katika maendeleo ya taifa. Mtoto gani wa miaka kumi na mmoja hulala akiwaza nafasi ya fasihi katika maendeleo ya taifa? Msichana wa tatu alikwama katikati ya sentensi, akamtazama mwalimu wake, na mwalimu akamalizia kwa kuchezesha midomo. Mwandishi naye akajibu kama watu wanavyojibu redioni, maneno aliyokwisha kuyasema mahali pengine. Nyuma, karibu na dirisha, mkono mmoja ulikuwa umeinuka tangu swali la kwanza. Haukuitwa. Tukaambiwa muda umekwisha, ikafuata hotuba ya shukrani iliyokuwa ndefu kuliko maswali na majibu yake yote.

Utetezi wa direkta naujua, maana ni ule ule kila mwaka. Watoto wetu wana haya. Wasipoandaliwa watanyamaza, na shule itaaibika mbele ya mgeni na inspekta. Lakini haya ya mtoto huondolewa kwa kumpa kitabu mapema, na hilo shule hii ililifanya! Nakala zilifika kutoka Lubumbashi kabla ya wakati, na treni yetu mnaijua, zile kilomita 600 hivi za reli haziahidi mtu siku. Walimu wakasoma na watoto sura kwa sura. Kazi safi. Sasa mtu afanye kazi hiyo yote, watoto wafike wamejaa maswali, halafu awanyang'anye maswali yao na kuwapa ya kwake? Kunyamaza kwenyewe pia hakuui. Mwandishi wa watoto aliyezoea madarasa huvumilia kimya cha mwanzo, kwa sababu anajua kitavunjwa na mtundu mmoja atakayeuliza kama ameoa au analipwa faranga ngapi. Baada ya kicheko hicho ndipo maswali ya kweli huja. Orodha ya ofisini ilimfungia mlango mtundu huyo.

Ushahidi tuliuona nje. Mwenye ule mkono alimkimbilia mwandishi akiwa tayari ameshika mlango wa gari, akamuuliza kwa Kiswahili: tantine, mbona yule binti wa kitabuni hakupanda treni wakati mlango ulikuwa wazi? Mwandishi akashusha mkoba. Akaeleza kwamba alipoandika mara ya kwanza binti alipanda, kitabu kikafia hapo, ikambidi amrudishe kituoni. Hilo ndilo somo la uandishi lililosafirishwa hadi Kamina, na lilisikiwa na dereva, mtoto mmoja na sisi wachache tuliokuwa tukitafuta kivuli.

Kwa Kiswahili, narudia, na wanaonisoma wanajua jambo hili siliachi. Sheria ya elimu ya Kongo ya Februari 2014 inazitaja lugha za taifa na lugha za mazingira kuwa chombo cha kufundishia. Mtoto wa Kamina hugombana kwa Kiswahili na humjibu bibi yake kwa Kiluba. Kifaransa anakitunzia mtihani. Kitabu kilikuwa cha Kifaransa, sawa, na kisomwe hivyo. Aliyekielewa aachwe aulize kwa lugha iliyomjia kwanza. Mwanariwaya Zamenga Batukezanga, tangu Les Hauts et les Bas ya 1971, aliandika Kifaransa chepesi kilichomfuata mwanafunzi alipo, ndiyo maana vitabu vyake vilizunguka mikononi hadi vikapoteza majalada. Waandaaji wetu wa leo wanamtaka mwanafunzi apande hadi walipo wao.

Tena nchi hii ya Baluba haikungoja wageni kujifunza kusoma mbele ya watu. Wana-mbudye, watunza historia wa Kiluba, walishika lukasa, ubao wa mkononi uliopambwa shanga na kauri, wakapitisha kidole juu yake na kusimulia wafalme, koo na safari. Shanga hazikuhama, lakini masimulizi yalibadilika kufuatana na hadhira na jambo lililowakutanisha. Hao walikuwa mabingwa wa kazi hii. Ukiwapima nao wawezeshaji wetu na mikro zao, ni afadhali ninyamaze.

Mengine yalikwenda sawa. Walichagua madarasa mawili tu badala ya kupanga shule nzima uwanjani, uamuzi wa busara tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019 na madarasa yakafurika. Walianza asubuhi kabla ya joto, na nakala zimebaki shuleni.

Kwa direkta anayemngoja mwandishi muhula ujao: vitabu vitangulie, kama walivyofanya hawa. Hotuba iwe moja, na iwe mwanzoni, ili isimeze wakati wa maswali. Maswali msiyaandike, msiyakusanye, msiyapitishe ofisini. Mikono ikiinuka, mwandishi mwenyewe achague, na aanze na ya nyuma.